Alice Ball: Binti aliyefanya mafuta mazito yapite kwenye sindano

Hebu fikiria dawa ipo mbele yako, lakini hakuna njia nzuri ya kuiingiza mwilini. Ukiinywa, unatapika. Ukidungwa, inakwama chini ya ngozi na kukuachia malengelenge. Hayo ndiyo waliyopitia wagonjwa wa ukoma zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliyewapunguzia mateso hayo ni binti wa miaka 23, Alice Ball.

Alizaliwa Julai 24, 1892 jijini Seattle, Marekani. Babu yake alikuwa mpiga picha mashuhuri, enzi zile picha zilipokuwa zikisafishwa kwa kemikali. Alice akajiunga na University of Washington na kutoka na digrii mbili: kemia ya dawa mwaka wa 1912, na ufamasia 1914. Mwaka huo wa 1914, yeye na mwalimu wake walichapisha utafiti katika jarida kubwa la kemia la Marekani. Kwa mwanamke Mweusi wa wakati huo, si jambo dogo.

Kisha akaenda College of Hawaii. Mwaka wa 1915 akawa mwanamke wa kwanza, na Mweusi wa kwanza, kupata shahada ya uzamili chuoni humo. Akabaki hapo kufundisha kemia.

Ndipo daktari Harry Hollmann wa Hospitali ya Kalihi, Honolulu, akamwomba msaada. Siku hizo ukipatikana na ukoma kule Hawaii, unaweza kutenganishwa na familia yako na kupelekwa Kalaupapa, mahali palipozungukwa na bahari na majabali katika kisiwa cha Molokai. Wengi hawakurudi. Dawa iliyokuwapo ni mafuta ya mbegu za chaulmoogra, yaliyotumika Asia kwa karne nyingi. Yalisaidia kiasi, ila yalikuwa mazito na machungu ajabu.

Sasa angalia alichofanya. Hakutafuta dawa mpya. Aliibadilisha ile ile iliyokuwapo ili mwili uweze kuipokea. Kama umesoma kemia ya sekondari, unajua asidi ikichanganywa na alkoholi unaweza kupata esta. Basi Alice alizitoa asidi zilizomo kwenye mafuta yale, akazigeuza kuwa esta za ethili. Akapata kimiminika chepesi kinachopita kwenye sindano na kufyonzwa mwilini. Yote hayo huku akiendelea kufundisha!

Lakini muda wake ulikuwa mfupi. Mwaka wa 1916 aliugua, akarudi Seattle, na Desemba 31 akafariki akiwa na miaka 24. Alikuwa bado hajachapisha matokeo yake. Arthur Dean, mkuu wa chuo, akaendeleza kazi hiyo na kuichapisha bila kumtaja. Watu wakaanza kuiita njia ya Dean. Mwaka wa 1922 Hollmann aliandika wazi kuwa njia hiyo ni ya Ball, lakini wachache walisikia.

Wakati huo dawa yenyewe ilikuwa kazini. Miaka michache baada ya kifo chake, wagonjwa 78 waliruhusiwa kutoka Kalihi na kurudi kwao. Haikuwa tiba kamili, kwani wengine ugonjwa uliwarudia, na katika miaka ya 1940 dawa bora zaidi zikachukua nafasi yake. Hata hivyo, kuna wagonjwa waliorudi kwao kwa sababu ya kazi ile.

Chuo chake kilimkumbuka rasmi mwaka wa 2000, kikaweka bamba lenye jina lake kwenye mti wa chaulmoogra. Hiyo ni miaka 83 baada ya kufa kwake.

Basi wewe uliye kwenye maabara ya shule leo, kila jaribio unalofanya liandike daftarini, weka tarehe na jina lako. Na kama kazi ni ya mwenzako, mtaje, hata kama hayupo tena kujitetea.