Bwana wa Kiota na Maziwa ya Mkebe

Kule Laini Saba, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, nyumba zimebanana na kuta ni mabati, hivyo kilio cha mtoto mchanga usiku hakina siri. Mtoto anyonya, hashibi, alia tena. Kukicha majirani wana shauri moja: mnunulie maziwa ya mkebe. Mama afikapo dukani aikuta mikebe imepangwa, kila mmoja na sifa zake, asijue ashike upi. Kabla hajatoa fedha zake, si vibaya akamjua mtu ambaye jina lake na picha ya kiota chake vimo kwenye baadhi ya mikebe hiyo.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 10 Agosti 1814, akaitwa Heinrich Nestle. Baba yake alikuwa fundi wa vioo mwenye watoto 14, na yeye alikuwa wa 11. Zama hizo mauti ya wachanga yalikuwa jambo la kawaida Ulaya, na nyumba ile nayo haikusalimika: baadhi ya nduguze walifariki wadogo. Alijifunza kazi ya dawa, kisha katika miaka ya 1830 akahamia Uswisi, na jina lake akaligeuza kwa matamshi ya Kifaransa: Henri Nestlé. Katika mji wa Vevey alijaribu biashara nyingi, mafuta, siki, maji ya gesi, hata mbolea. Mwaka 1860 alimwoa Bi Clémentine Ehemant. Hawakujaliwa kuzaa.

Mwaka 1867, mtu huyu asiye na mtoto ndipo alipotengeneza chakula cha watoto wa wenziwe. Aliyachemsha maziwa ya ng'ombe na sukari mpaka yakawa mazito, akayachanganya na mkate wa ngano uliookwa maalumu na kusagwa, ukapatikana unga wa kutiwa maji na kuchemshwa. Mwaka huohuo unga ule ulipewa kitoto kilichozaliwa kabla ya siku zake, ambacho kilikataa ziwa la mama na kila chakula kingine. Kikala, kikaishi. Habari zikaenea, na mikebe ikavuka mipaka. Mwaka 1875 Bwana Nestlé aliuza kiwanda pamoja na jina lake kwa faranga milioni moja, akapumzika. Alifariki Glion, tarehe 7 Julai 1890.

Lakini liko jambo ambalo mkebe hausimulii. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1869 kuutangaza unga wake, mwenyewe alikiri kwamba miezi ya mwanzo hakuna chakula cha asili kuliko maziwa ya mama, na kwamba kila mama awezaye anyonyeshe. Unga ulikuwa wa yule aliyekosa. Sisi Waislamu hilo si geni kwetu: Kurani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, ikaruhusu pia kumtafuta mnyonyeshaji mwingine panapokuwa na haja.

Warithi wa biashara ya mikebe, wa makampuni mbalimbali, hawakuishika mipaka hiyo. Mwaka 1939, mjini Singapore, daktari Cicely Williams aliwashutumu hadharani waliowashawishi mama maskini kuacha kunyonyesha. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kuisusia kampuni yenye jina la Nestlé. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Marehemu alikuwa kaburini zamani. Jina lake ndilo lililobaki sokoni.

Turudi Laini Saba. Kitoto kinacholia kila saa aghlabu kimo katika kukua, na kadiri kinyonyavyo ndivyo maziwa ya mama yaongezekavyo. Mkebe ukiingia, kinyonyo hupungua, na maziwa nayo hupungua. Mama aangalie: je, kinalowesha winda mara nyingi kwa siku? Je, uzito wapanda kliniki? Ikiwa ndivyo, kinashiba.

Ikiwa sivyo, au mama ni mgonjwa, mkebe una heshima yake, na ushauri ni wa kliniki, si wa muuza duka. Achague ule wa tangu kuzaliwa. Uandikwao wa watoto wenye njaa nyingi haujathibitishwa kuwa bora. Maziwa ya ng'ombe yangoje mwaka mmoja. Kisha aifanye hesabu yote: mkebe, maji ya mtungi, na mkaa wa kuyachemsha kila mara. Unga utiwe katika maji yangali moto sana, yapoe ndipo mtoto anyweshwe, na kwa kikombe safi. Vipimo visipunguzwe ili mkebe udumu, maana hapo tumbo litajaa maji na mwili utakonda.

Jina Nestle, katika Kijerumani cha wazee wake, ni kiota kidogo. Ndiyo sababu alichagua alama ya kiota, na ndani yake ndege mama awalisha makinda.