Dk. Livingstone na Wale Waliomtunza

Walimu wa Mikindani huwaonyesha watoto bandari yao, wakawaambia ya kuwa hapo ndipo aliposhuka Dk. Livingstone. Lakini habari za kutunzwa kwake katika miaka ya mwisho hazisimuliwi sana. Nasi twapenda kuziandika hapa, kwa kuwa wengi wetu tuna wazee nyumbani.

Alizaliwa Blantyre, nchi ya Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Siku ile ile alipotimiza miaka 53, mwaka 1866, aliondoka Unguja kwa manowari. Walipofika mlango wa Ruvuma hawakuona pa kushusha ngamia, maana pana mikoko na matope. Basi wakarudi kaskazini, wakashuka Mikindani tarehe 24 Machi. Mwezi wa Aprili wakashika njia ya bara. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Susi, mtu wa Shupanga penye mto Zambezi, na Chuma, kijana Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861.

Mwili wake ulikwisha kuchakaa kwa homa za safari za kwanza. Januari 1867 watu wawili wakatoroka na sanduku la dawa, kwinini ikapotea. Tangu hapo hakuwa na kinga. Mwaka 1869 mapafu yakamwuma hata akachukuliwa kwa machela. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vikamlaza Manyema. Meno nayo yakamtoka, akawa hatafuni vema. Stanley alipomkuta Ujiji, mwishoni mwa 1871, alikuwa akila mara mbili tu kwa siku, bila hamu. Akapata chakula kizuri mara nne, nguvu zikarudi upesi. Stanley akamsihi arudi kwao apumzike. Akakataa. Sisi twaona alikosea, ingawa kazi yake twaiheshimu.

Aprili 1873, katika mabwawa ya Bangweulu, nchi iitwayo sasa Zambia, akawa anatoka damu nyingi. Alipanda punda, akaanguka. Chuma akambeba mabegani. Wakatengeneza kitanda cha miti na mablanketi, wakamchukua polepole, wakitua kila alipozidiwa. Asubuhi moja hakuweza kutembea hata mlangoni, na kitanda hakikupita. Basi wakabomoa ukuta wa kibanda wakamtoa. Kwa Chitambo wakamjengea nyumba, wakainua kitanda juu ya ardhi, na kijana Majwara akalala ndani amwangalie. Usiku ule Susi akamchemshia maji, akamsogezea dawa na mshumaa. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 1 Mei wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Majwara alikuwa amepitiwa na usingizi. Hatumlaumu, mtoto aliyechoka.

Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua hata Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Alipozikwa London tarehe 18 Aprili, Jacob Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma hawakuwapo. Jambo hilo latuuma hata leo.

Mwaka 1876 Chuma aliongoza msafara wa Askofu Steere uliokwenda Masasi. Alikufa Unguja mwaka 1882, angali kijana. Susi alibatizwa mwaka 1886, akaitwa David, naye akafa Unguja mwaka 1891.