Sheikh Kaluta Amri Abedi na Ukweli wa Mshairi

Ndugu msomaji, huenda umesoma mwisho wa sura ya 26 ya Kurani Tukufu, iitwayo Washairi, ukaingiwa na shaka: je, mtu aliyekwisha amini aweza kuendelea kutunga mashairi? Shaka hiyo ni ya haki. Washairi wanalaumiwa pale kwa kusema wasiyoyatenda. Lakini papo hapo wanatolewa katika lawama hiyo wale walioamini na kutenda mema. Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit. Na Seyidna Ahmad a.s. wa Qadian alitunga kwa Kiurdu, Kiarabu na Kiajemi. Lakini mimi hupenda kukujibu kwa maisha ya mtu wa nchi yetu.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alisoma Tabora, akawa mbashiri wa Jumuiya yetu, na alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili, iliyochapwa mwaka 1953. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri.

Hebu zifikirie kazi hizo mbili pamoja. Katika shairi alidai vina vilingane, mizani itimie, na utungo uimbike. Katika tafsiri, mtu huyo huyo aliyevimudu vina aliviweka kando, kwa kuwa hapo maana ndiyo bwana. Yeyote aliyejaribu kutunga anajua mtihani uliopo. Kina cha “ma” kikikuita, ulimi huleta “huruma” upesi, ijapokuwa siku hiyo hukumhurumia mtu. Basi umekwisha kuwa mmoja wa wale wanaolaumiwa, na mizani yako 16 imetimia barabara! Sheria, kwa maoni yangu, humfaa mja kwa sababu humchelewesha. Anapotafuta neno la pili na la tatu, hupata nafasi ya kujiuliza kama asemalo ni kweli.

Nawe uliye Kiwangwa, urudipo jioni kutoka shamba la mananasi, usiusome ubeti kimya. Uimbe. Mizani iliyopungua utaisikia kabla hujaihesabu kwa vidole. Na neno la uongo? Hilo sikio halilikamati, lataka moyo.

Wapo waliozikataa sheria hizo, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, na ubishi huo haukuisha upesi.

Sheikh Amri hakuuona. Mwaka 1960 alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mwaka 1963 Waziri wa Sheria, kisha akakabidhiwa wizara iliyosimamia utamaduni wa taifa. Alifariki Ujerumani, Oktoba 1964, akiwa na miaka 40. Uwanja wa michezo wa Arusha waitwa kwa jina lake, na wengi waingiao humo kutazama mpira hawajui kwamba alikuwa mshairi.