Nani Alikuwa na Moyo Mgumu? Maisha ya Charles Dickens, Maria Beadnell na Estella

Makala haya yanaeleza maisha ya mwandishi wa Kiingereza Charles Dickens (1812–1870) kwa kufuata jambo moja tu: mapenzi yake ya ujanani kwa Maria Beadnell, ambayo hayakujibiwa, na namna yanavyohusishwa na Estella, mhusika wa riwaya ya Great Expectations. Wasomaji wengi humtaja Estella kuwa kielelezo cha mwanamke mwenye moyo mgumu. Aidha, imezoeleka kusemwa kwamba Maria alimkataa Dickens, naye Dickens akamuumba Estella. Maelezo hayo hayatoshi, kwani shahidi tunayemsikia ni mmoja, naye ndiye mlalamikaji.

Swali hili kwangu halikuanzia maktabani. Niliisoma riwaya hii kwanza katika toleo lililofupishwa, nikiwa mwanafunzi wa sekondari mjini Bukoba. Wakati wa likizo niliwasimulia bibi na shangazi zangu nyumbani Kamachumu, wilayani Muleba, jioni tukimenya ndizi. Nilitarajia wamwonee huruma Pip, kijana aliyelelewa katika nyumba ya mhunzi, akampenda binti aliyemdharau. Badala yake waliuliza ni nani aliyemlea binti yule, na kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza yeye anamtaka nani. Kwetu Buhaya, kama ilivyo pwani kwenye masomo na makungwi, binti hufundwa, na shangazi ndiye abebaye kazi hiyo pamoja na lawama zake. Kwa hiyo wale wazee walimtafuta mlezi kwanza.

Dickens alizaliwa Portsmouth tarehe 7 Februari 1812. Baba yake, John, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini, mtu mchangamfu asiyejua kubana matumizi. Mwaka 1824 alifungwa kwa sababu ya deni katika gereza la Marshalsea, London. Charles, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa kiwanda cha rangi ya viatu kubandika vibandiko kwenye vichupa kwa shilingi 6 kwa juma. Baba alipotoka gerezani, mama alitaka mtoto aendelee na kazi. Jambo hilo Dickens hakulisamehe. Inafaa tulikumbuke, maana mwanamke wa kwanza kushtakiwa ugumu wa moyo katika masimulizi yake hakuwa mchumba bali mama mzazi.

Akiwa na miaka 15 aliajiriwa kuwa karani wa wakili. Alijifunza hatimkato na baadaye akawa mwandishi wa habari za Bunge. Mwaka 1830 alimpenda Maria, binti wa mtu wa benki. Yeye alikuwa kijana asiye na mali, mwenye baba aliyewahi kufungwa kwa deni, na wazazi wa binti hawakumwona kuwa mkwe wa kufaa. Maria alipelekwa Paris kwa muda. Aliporudi alikuwa mara karibu, mara mbali. Mwaka 1833 Dickens alimrudishia barua zake na mambo yakaishia hapo. Tunaweza kusema kwamba Maria alimchezea. Tunaweza pia kusema kwamba alikuwa msichana aliyebanwa kati ya kijana mwenye pupa na wazazi wenye amri. Barua za Dickens kwake zilihifadhiwa, zikachapishwa baada ya wote wawili kufa. Za Maria hazikubaki.

Mwaka 1836 Dickens alimwoa Catherine Hogarth, wakapata watoto 10. Umaarufu ulikuja upesi. Katika David Copperfield (1849–1850) Maria alirudi kwa jina la Dora, mke mzuri asiyejua kuendesha nyumba.

Mwaka 1855 Maria, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu akiitwa Bi. Winter, alimwandikia. Dickens alijibu kwa moto uleule wa ujana. Maria alimwonya mapema kwamba amezeeka, amenenepa na meno yamemtoka. Dickens hakutaka kusadiki. Walipoonana alisadiki mara moja, na kuanzia hapo barua zake zikawa za udhuru: ana kazi, anasafiri. Muda mfupi baadaye wasomaji wa Little Dorrit walikutana na Flora Finching, mjane mnene mwenye maneno mengi, aliyewahi kupendwa na kijana zamani. Uingereza yote ilimcheka. Ikiwa tunatafuta ubaridi katika habari hii, huo wa mwaka 1855 ni mkubwa kuliko ule wa 1833.

Mwaka 1857 Dickens, akiwa na miaka 45, alikutana na mwigizaji Ellen Ternan, mwenye miaka 18. Mwaka uliofuata alitengana na Catherine na kutangaza jambo hilo katika jarida lake mwenyewe. Mwaka 2019 John Bowen wa Chuo Kikuu cha York alieleza barua ambazo zinadai kuwa Dickens alijaribu hata kumweka mkewe katika hifadhi ya wagonjwa wa akili, asifaulu. Septemba 1860, katika nyumba yake ya Gad's Hill, alichoma mafurushi ya barua alizopokea kwa miaka mingi. Desemba mwaka huohuo sehemu ya kwanza ya Great Expectations ilitoka. Ya mwisho ilitoka Agosti 1861, miezi michache kabla ya Speke na Grant kufika Karagwe kwa Mukama Rumanika. Mji wa Bukoba tunaoujua ulikuwa haujaanza.

Hapa niruhusiwe neno la kiisimu. Mfasiri akisema Estella ana moyo baridi, msomaji wa Kiswahili anaweza kuelewa kwamba ni mtulivu. Kiswahili husema moyo mgumu au moyo wa jiwe, na jiwe huchongwa na mtu. Ndivyo ilivyo katika riwaya. Estella ni mtoto wa mfungwa na wa mwanamke aliyeshtakiwa kwa uuaji. Alichukuliwa na Bi. Havisham, aliyeachwa na bwana arusi siku ya harusi akasimamisha saa zote nyumbani. Mlezi huyu ni kungwi aliyeharibika: alimfunda binti awalipizie wanaume. Hata hivyo Estella hamdanganyi Pip popote. Anamwambia wazi kwamba hana cha kumpa. Ni Pip asiyetaka kusikia, kama Dickens asivyotaka kusikia habari ya meno. Baadaye Estella anaolewa na Drummle, mume anayempiga.

Katika mwisho alioandika Dickens kwanza, Pip na Estella wanaonana kwa muda mfupi tu, kila mmoja akaenda zake. Edward Bulwer-Lytton alimshauri aubadilishe, naye akaandika mwingine wenye kuelekea kuwaunganisha. Rafiki yake John Forster alichapisha ule wa awali baada ya Dickens kufa. Mimi naupendelea wa awali. Katika mwisho huo Estella amejifunza kwa mateso yake mwenyewe, wala hatolewi kuwa zawadi kwa uvumilivu wa mtu.

Dickens alifariki Gad's Hill tarehe 9 Juni 1870 na kuzikwa Westminster Abbey. Catherine aliishi hadi 1879. Yeye hakuchoma barua alizoandikiwa. Alipokuwa mgonjwa alimkabidhi binti yake Kate barua za Dickens na kumwomba azipeleke Jumba la Makumbusho la Uingereza, ili watu wajue kwamba mumewe aliwahi kumpenda.