Fumo Liyongo na ukweli uliomuua

KUTOKA Chara hadi Kipini, katika delta ya Mto Tana, jina la Fumo Liyongo halijasahaulika. Huko Kipini wenyeji huonyesha mahali panapoaminiwa kuwa kaburi lake.

Aliishi karne ipi? Wataalamu hawajaafikiana. Edward Steere alichapisha kisa chake mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi mwaka 1913.

Masimulizi yanaeleza kuwa mtawala wa Pate, kwa kuhofia kupokonywa kiti, alimtia Liyongo gerezani. Akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate.

Ndipo mtawala akamtumia mwana wa Liyongo mwenyewe, amuulize babaye ni kitu gani kiwezacho kumuua. Liyongo aliitambua hila hiyo na akamwonya kijana kwamba anadanganywa. Hata hivyo hakumficha: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Angeweza kutaja kitu kingine chochote.

Alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwanawe hakupewa alichoahidiwa.