Rudolf Diesel: Jamaa aliyewasha injini bila cheche

Ukipanda boti kubwa la mbao pale jeti ya Lamu kuelekea Faza, hebu kaa karibu na mashine usikilize. Nahodha akishaiwasha, mlio wake mzito utakufuata njia nzima, mkipita Mkanda katikati ya mikoko hadi mtokeze upande wa Pate. Labda umeshauzoea, labda unakukera. Lakini jiulize: ndani ya ile mashine, nani anawasha moto?

Kwa pikipiki jibu ni rahisi. Kuna plagi, inatoa cheche, petroli inashika. Mashine ya dizeli haina plagi ya cheche. Moto wake hujiwasha wenyewe.

Unataka kuelewa? Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Utaona pampu inapata joto. Hewa ikibanwa ghafla hupata moto. Ndani ya injini ya dizeli hewa hubanwa mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za selsiasi, halafu mafuta yananyunyizwa humo na kushika papo hapo. Hata bila mashine, kuna vitu hujiwasha. Lundo kubwa la nyasi zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huanza kuchemka ndani kwa kazi ya vijidudu, na joto likikosa pa kutokea, lundo lote huweza kushika moto bila mtu kuligusa. Watu wa Kusini Mashariki mwa Asia nao walikuwa na kibomba kidogo ambacho ukikibana ghafla, utambi uliomo ndani huwaka.

Mtu aliyeitia siri hiyo ndani ya injini aliitwa Rudolf Diesel. Ndiyo, dizeli unayoitaja kila siku ni jina la mtu.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Baba yake alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi, na maisha hayakuwa mteremko. Mwaka 1870 Ufaransa na Ujerumani zikaingia vitani, Wajerumani wakafukuzwa Paris, familia ikakimbilia London. Hali ilikuwa ngumu hivi kwamba Rudolf, akiwa na miaka 12, alipelekwa peke yake kwa jamaa zake mjini Augsburg, Ujerumani, ili asome. Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi.

Na kweli alisoma. Chuoni Munich alimpata mwalimu aliyeitwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu. Darasani Linde alieleza kwamba injini za mvuke, zilizokuwa zikiendesha karibu kila kiwanda na meli, zilitumia asilimia 10 tu au chini ya hapo ya joto la makaa. Nyingine zote zilipotea bure. Kijana huyu hakulisahau somo hilo maisha yake yote. Alimaliza masomo mwaka 1880 akiwa na alama za juu kabisa.

Mwaka 1888, Wajerumani walipofungua posta yao mjini Lamu, ambayo jengo lake leo ni makumbusho, Diesel alikuwa Paris. Mchana aliuza na kutengeneza mashine za barafu za Linde. Muda uliobaki aliutumia kuhangaika na injini ya kwake. Jaribio moja la kutumia mvuke wa amonia lilimlipukia na kumlaza hospitali kwa muda mrefu. Nusura afe.

Lakini alikuwa na sababu ya kung'ang'ana. Wakati huo mwenye injini kubwa ya mvuke ndiye alikuwa na nguvu. Seremala, mfumaji na fundi mdogo walimezwa na viwanda. Diesel alitaka injini ndogo, isiyokula mafuta mengi, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiweka kwenye karakana yake na kushindana na wakubwa.

Mwaka 1892 aliomba hataza ya wazo lake. Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp wakakubali kumsaidia. Tarehe 10 Agosti 1893 injini ya kwanza ilijaribiwa. Mafuta yalijiwasha kama alivyotabiri, lakini kwa kishindo kilichorusha kipimo cha shinikizo vipande vipande na kumkosa yeye kidogo. Wewe ungekata tamaa? Yeye alifurahi, kwa sababu sasa alikuwa na ushahidi kwamba moto unawaka bila cheche.

Ilimchukua miaka mingine karibu minne. Februari 1897, injini yake ilipimwa rasmi mbele ya wataalamu, ikageuza zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hiyo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya injini nzuri za mvuke. Si mchezo.

Hapo pesa zikaanza kumiminika. Kampuni za nchi mbalimbali zilinunua haki za kuitengeneza injini hiyo. Diesel akawa milionea, akajenga jumba la kifahari Munich.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, likatokea jambo ambalo wengi hawakulitia maanani. Kampuni moja ilionyesha injini ndogo ya aina yake ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikiyafikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilimea kwa wingi. Karanga ni mmea wa ajabu: ua lake hujichavusha lenyewe, kisha kikonyo chake huinama na kuingia ardhini, huko ndiko karanga hukua. Mmea unaojichavusha ukawa unalisha injini inayojiwasha. Baadaye Diesel mwenyewe aliunga mkono hadharani wazo kwamba mafuta ya mimea yanaweza kuja kuwa muhimu kama ya petroli.

Ila maisha yake yalikuwa yanaporomoka. Alikuwa na maumivu makali ya kichwa na uchovu wa akili uliomlaza mara kwa mara. Kesi za hataza hazikuisha. Alitia pesa kwenye biashara za ardhi na mafuta, zikazama. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu wafanyakazi kushirikiana na kumiliki viwanda vyao, watu wachache mno wakakinunua. Kwa nje aliendelea kuishi kama tajiri. Hali halisi aliificha, hata nyumbani kwake.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden mjini Antwerp, akielekea Uingereza kwa mikutano ya kikazi. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaagiza aamshwe asubuhi, akaenda chumbani. Asubuhi kitanda hakikuwa kimelaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliuona mwili baharini, wakachukua vitu vidogo mifukoni na kuuacha mwili uende na maji. Mtoto wake alivitambua vitu hivyo. Alikuwa na miaka 55.

Wapo wanaoamini alijitoa uhai kwa ajili ya madeni. Wapo waliovumisha kwamba aliuawa. Ambalo halina ubishi ni kwamba mzigo mzito aliubeba peke yake, na watu waliompenda walijua ukubwa wake akiwa hayupo tena. Kama nawe umebeba mzigo wa aina hiyo, usiufiche. Mwambie mtu leo.

Je, ndoto yake ilitimia? Kwa nusu. Injini yake ilienda kwanza kwa wakubwa: viwandani, kwenye meli, na kwenye nyambizi za vita. Lakini tazama Lamu. Mvuvi mwenye boti moja hangoji tena upepo wa Kaskazi au Kusi ili atoke. Faza walipata umeme wa jenereta za dizeli. Huyo ndiye mtu mdogo ambaye Diesel alimfikiria.

Nusu ya pili bado. Mvuvi huyo bado ananunua mafuta yanayotoka mbali, na bei ikipanda, boti inalala ufukweni. Wakati huo huo, Lamu bara wanalima ufuta, na minazi ipo tele visiwani. Nishati inayotoka kwenye udongo wako mwenyewe, au kwenye jua linalokuchoma kila siku, ndiyo kazi aliyoiacha bila kumaliza. Siku nyingine ukiusikia mlio wa ile boti, fikiria ni nani wa kuimaliza.