George Green: Msaga Ngano wa Nottingham

George Green alizaliwa mwaka wa 1793 huko Nottingham, Uingereza, akiwa mwana wa mwoka mikate. Darasani alikaa mwaka mmoja hivi tu, kisha akaitwa kazini kwa babake akiwa angali mtoto. Baadaye babake alijenga kinu cha upepo kijijini Sneinton. Humo Green alisaga ngano, na saa za mapumziko akajifunza hisabati peke yake.

Mnamo 1828 alichapisha insha kuhusu umeme na sumaku, ikanunuliwa na watu wapatao hamsini tu. Mwaka wa 1833, akiwa na umri wa miaka arobaini, alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, akaketi na vijana waliotosha kuwa wanawe.

Mwaka wa 1837, katika makala kuhusu mwanga, alilikabili suala la unyumbufu. Tukiuvuta waya wa chuma, hurefuka na kupungua unene. Wafaransa Navier na Poisson walikuwa wamefikiri jinsi chembe zinavyovutana, wakahitimisha kwamba kwa mata yenye tabia moja pande zote, namba moja yatosha kueleza uhusiano wa mkazo na mabadiliko ya umbo. Kwa hesabu hiyo, kila mata ingepungua unene kwa robo ya kadiri inavyorefuka. Green hakubahatisha lolote kuhusu chembe. Alianzia kwenye nishati inayohifadhiwa na kitu kilichobadilishwa umbo, akaonyesha kwamba zahitajika namba mbili: moja ya ukinzani dhidi ya kubanwa ujazo, nyingine ya ukinzani dhidi ya kupotoshwa umbo. Mpira wamthibitisha, kwani wenyewe hupungua kwa karibu nusu, wala si robo.

Green alifariki mwaka wa 1841 akiwa na miaka 47, kabla ya sifa kumfikia. William Thomson ndiye aliyeifufua insha yake na kuichapisha upya katika miaka ya 1850. Mjadala wa namba moja au mbili nao uliendelea hadi miaka ya 1880, vipimo vya Woldemar Voigt vilipoupa ushindi upande wa Green.

Leo mhandisi asanifupo daraja hutumia namba mbili hizo. Basi, msomi mwenzangu, tusimpime mtu kwa mlango aliopitia kuingia elimuni.